Rekodi za Kikundi Zisikae Mfukoni mwa Mtu Mmoja



Vikundi vingi vya kuweka akiba na kukopeshana vina kasha la bati lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa watu watatu wa nyumba mbalimbali, ili mtu mmoja asiweze kulifungua peke yake usiku. Mpango huu ni mzuri na kila mwanachama anaelewa sababu yake. Lakini tunapotembelea vikundi hivyo hivyo na kuuliza, "Je, rekodi zenu ziko wapi?" mara nyingi tunajibiwa, "Ziko kwa simu ya karani."

Hebu tufikirie kilichomo ndani ya simu hiyo. Kuna picha za risiti. Kuna orodha ya waliokopa na wanaobaki na deni. Kuna muhtasari wa mikutano, nakala ya cheti cha usajili, nambari za vitambulisho vya wanachama, na picha za kisima tangu kilipoanza kuchimbwa. Simu ikianguka kwa ndoo ya maji, au ikiibwa stejini, vyote vinaondoka nayo. Na tumeona jambo baya kuliko wizi. Uchaguzi unafanyika, karani anashindwa, anakasirika, na kuanzia siku hiyo hapokei simu. Mama mjane aliyechanga kwa miaka minne anaulizwa na viongozi wapya, "Mama, ushahidi uko wapi?" Kadi yake ilinyeshewa zamani. Hapo ndipo kikundi huanza kuvunjika, na wala si kwa sababu pesa ziliibwa. Ni kwa sababu hakuna anayeweza kuonyesha kwamba hazikuibwa.

Baadhi ya vikundi sasa vina ofisi ndogo, kompyuta moja au mbili, na vijana wanaojua kuzitumia. Hivi vimekuwa vikituuliza juu ya sanduku la kuhifadhi faili ambalo wameliona mjini, katika ofisi na maduka makubwa. Katika toleo hili tunaeleza sanduku hilo ni nini, linasaidia nini, na mahali ambapo watu hudanganyika nalo.

SANDUKU LENYEWE

Mafundi huliita kwa herufi tatu, NAS, na ukienda dukani hilo ndilo jina la kuuliza. Ukubwa wake ni kama mkate mkubwa. Halina kioo wala vibonye vya kuandikia. Ndani kuna diski moja, mbili, nne au zaidi, pamoja na kompyuta ndogo ambayo kazi yake ni kupokea faili, kuzitunza na kuzitoa zikiitishwa. Linaunganishwa kwa waya na ruta, yaani kile kifaa kinachotoa mtandao wa waifai ofisini. Basi kila simu na kompyuta iliyo katika mtandao huo inaweza kulifikia, mradi mwenyewe ana jina na neno la siri.

Fikirieni tangi la maji la boma. Kila nyumba ingeweza kuwa na mtungi wake, na wa kwanza akivunja mtungi anabaki na kiu. Lakini tangi likiwekwa mahali pamoja na mabomba yakapelekwa kila nyumba, wote wanachota maji yale yale. Sanduku hili ni tangi la namna hiyo, na ruta ndiyo mabomba. Tena angalieni jambo moja ambalo wengi hulikosa: maji hayo hayatoki nje ya boma. Kuchota faili kutoka kwenye sanduku hakuli bando hata kidogo, na hata intaneti ikipotea siku tatu, ofisi inaendelea na kazi kama kawaida.

Wazo lenyewe si geni. Diski ya kwanza ya kompyuta kuuzwa ilitengenezwa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka wa 1956. Ilikuwa na sahani 50, mashine yake nzima ilikuwa na uzito wa karibu tani moja, na iliweza kutunza herufi milioni 5 tu. Leo picha moja ya simu inaweza kujaza nafasi hiyo. Kutumia diski moja kwa kompyuta nyingi kulienea maofisini katika miaka ya 1980. Kilichobadilika ni ukubwa na bei.

Tufanye hesabu kidogo. Picha ya simu huchukua megabaiti 4 hivi. Diski ya terabaiti 4, ambayo si kubwa sana siku hizi, ina megabaiti milioni 4. Kwa hivyo inaingia picha kama milioni moja. Hakuna kikundi tunachokijua kitakachoijaza kwa risiti na muhtasari.

LINAMSAIDIA NANI

Nyumbani, faida kubwa ni picha na karatasi za familia. Baba ana picha za harusi kwa simu yake, binti ana za mahafali, na nakala ya hati ya shamba iko kwa flashi ambayo haijulikani iko droo gani. Sanduku linaweza kupangwa ili kila simu ikifika nyumbani na kushika waifai, picha mpya zinaingia zenyewe bila mtu kukumbuka. Hilo la "bila mtu kukumbuka" ndilo muhimu, maana sisi wanadamu hatukumbuki.

Katika biashara faida ni nyingine. Chukueni kituo cha kukusanya maziwa chenye meza mbili: mmoja anapima na kuandika kilo, mwingine analipa mwisho wa mwezi. Kila mmoja akiwa na orodha yake kwa kompyuta yake, baada ya wiki mbili orodha hizo hazilingani, na mkulima ndiye anayeumia. Orodha ikiwa moja, ndani ya sanduku, wote wawili wanafungua ile ile. Vivyo hivyo kwa duka la vifaa vya ujenzi lenye stoo nyuma, au kwa mpiga picha wa harusi mwenye wasaidizi. Na kwa waya, mwendo ni wa haraka. Video ya semina yenye gigabaiti 2 inaingia kwa nusu dakika au pungufu. Kwa waifai itachukua muda zaidi.

Lakini kwa kikundi cha kujisaidia, faida tunayoipenda sisi ni ile ya ruhusa. Kila mtu hupewa jina lake na kiwango chake. Mweka hazina anaweza kuandika katika folda ya hesabu. Wanakamati wengine wanaweza kuisoma lakini hawawezi kubadilisha hata nukta. Karani anaandika muhtasari. Mwanachama wa kawaida akifika ofisini anafunguliwa ukurasa wake wa michango, anauona, anaridhika, anaenda zake. Likipangwa hivyo, sanduku linaweza pia kuweka kumbukumbu ya nani alifungua faili gani, saa ngapi.

Masanduku mengi, ingawa si yote, yana uwezo mwingine wa kushika sura ya faili zote kama zilivyokuwa saa fulani. Mtu akifuta orodha ya mikopo leo mchana, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, unaweza kurudisha sura ya jana jioni. Mkiamua kununua, ulizeni muuzaji kama uwezo huo upo. Akianza kuzungukazunguka katika jibu lake, nendeni duka lingine.

DISKI HUFA

Sasa tufike mahali penye hatari, na hapa tunaomba msome polepole.

Diski nyingi za masanduku haya ni sahani zinazozunguka, mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, mchana na usiku. Kitu kinachozunguka hivyo huchakaa. Itakufa siku moja. Ndiyo sababu tunashauri kikundi kisinunue sanduku la diski moja, bali la diski mbili zinazoandika kitu kile kile, kama mtu na kivuli chake. Moja ikifa, ya pili inaendelea na kazi, na nyinyi mnanunua nyingine, mnaichomeka, na baada ya saa kadhaa inakuwa imenakili yote. Bei yake ni kwamba mnanunua diski mbili za terabaiti 4 na nafasi mnayopata ni ya terabaiti 4 tu, si 8. Wengine huona huo ni upotevu. Sisi tunaona ni sawa na kupanda mbegu mbili kwa shimo moja.

Basi watu wakisikia hayo hufurahi na kusema, "Ah, sasa tuko salama." Hapana! Diski mbili zinawakinga na kifo cha diski moja, basi. Mtu akifuta faili, inafutika kwa zote mbili wakati ule ule. Mwizi akibeba sanduku, amebeba zote mbili. Paa likivuja au nyumba ikiungua, ni hivyo hivyo.

Mfano mmoja unajulikana sana. Mwaka wa 1998 huko California, Marekani, kampuni ya Pixar ilikuwa ikitengeneza filamu ya katuni iitwayo Toy Story 2. Mtu fulani alitoa amri isiyofaa kwenye kompyuta ya hifadhi, na sehemu kubwa ya filamu ikafutika machoni pao. Wakaenda kwenye nakala za akiba, wakakuta hazikuwa zikifanya kazi vizuri kwa muda, na hakuna aliyekuwa amezijaribu. Kilichowaokoa ni mama mmoja mfanyakazi, Galyn Susman. Alikuwa na mtoto mchanga, kwa hivyo alikuwa akifanyia kazi nyumbani, na kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala ya filamu. Waliibeba kwa gari, imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa. (Baadaye filamu hiyo ilitengenezwa upya karibu yote kwa sababu nyingine, lakini hilo ni jambo tofauti.) Kampuni yenye wataalamu na mali nyingi iliokolewa na nakala iliyokuwa nyumba nyingine.

Hatari nyingine hupitia kwenye intaneti. Sanduku linaweza kupangwa lifikiwe kutoka mbali, kwa mfano mwenyekiti akiwa Mombasa aone faili zilizoko kijijini. Wauzaji husifu sana uwezo huo. Lakini mlango alioufungua mwenyekiti unaweza kupitiwa na mwingine. Mnamo Juni 2021, watu wa nchi nyingi waliokuwa na sanduku liitwalo My Book Live la kampuni ya Western Digital waliamka wakakuta faili zao za miaka mingi zimefutwa zote na mtu aliyepitia kwenye intaneti. Kampuni ilikuwa imeacha kulitengenezea marekebisho tangu mwaka wa 2015, na wenyewe waliendelea kulitumia. Miezi miwili kabla ya hapo, Aprili 2021, wahalifu waliingia kwenye masanduku ya kampuni ya QNAP, wakafungia faili za watu kwa neno la siri, na kudai sarafu ya kidijitali ya thamani ya karibu dola 500 wakati huo ndipo wazifungue.

Maoni yetu ni haya: kikundi cha kijijini kisifungue mlango huo kabisa. Mwenyekiti akitaka kuona hesabu, na aje ofisini. Na sanduku lipewe marekebisho ya programu kila yanapotolewa. Yakikoma kutolewa, mjue umri wake umefika.

Kwa hayo yote, kuna kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, ambayo ni rahisi kukumbuka: nakala tatu, kwa vyombo vya namna mbili, na moja ikae mahali pengine. Kwa kikundi inaweza kuwa hivi. Nakala ya kwanza iko kwenye kompyuta ya kazi. Ya pili iko kwenye sanduku. Ya tatu iko kwenye diski ya nje, ile ya kushika mkononi, ambayo kila mwisho wa mwezi huchomekwa, hunakiliwa, huchomolewa na kupelekwa nyumba nyingine, ikiwezekana kijiji kingine. Tunarudia neno "huchomolewa". Diski inayobaki imechomekwa siku zote itaharibiwa pamoja na sanduku.

Wengine hutuuliza, "Kwa nini tusiweke yote kwenye wingu, yaani kwa kompyuta za kampuni za ng'ambo, tukaachana na masanduku?" Wingu ni zuri, na kwa faili chache muhimu linafaa kuwa ile nakala ya mahali pengine. Lakini hulipiwa kila mwezi bila mwisho, na linahitaji intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zilizo chini ya Bahari ya Hindi zilipokatika, intaneti ilikuwa nzito Kenya, Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Na wingu nalo ni jengo mahali fulani. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliungua, na wateja wengi ambao hawakuwa na nakala pengine walipoteza kazi zao. Hatuoni sababu ya kubishana, sanduku au wingu. Swali ni kama nakala ziko mahali zaidi ya pamoja.

STIMA, VUMBI NA PESA

Sanduku dogo la diski mbili hutumia kama wati 20. Kwa siku nzima hiyo ni karibu nusu yuniti, na kwa mwezi ni yuniti 14 na kidogo. Chukueni tokeni yenu ya mwisho, mwone yuniti moja mliilipa shilingi ngapi, mzidishe.

Shida kubwa zaidi ni stima kupotea ghafula wakati diski inaandika, au kurudi kwa nguvu nyingi. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi, lakini hatuhitaji mfano mkubwa hivyo. Kila mmoja wetu anajua kwake inapotea mara ngapi. Kwa hivyo msinunue sanduku bila betri ya akiba, ile mafundi wanayoiita UPS. Itawapa dakika chache, na masanduku mengi yakiunganishwa nayo hujizima yenyewe kwa utaratibu. Penye sola ya kutosha ni vizuri pia, lakini mhesabu kwamba sanduku halilali.

Liwekwe juu, mbali na mlango wa vumbi, pasipopigwa jua, pasipo na panya. Msilifunike kwa kitambaa cha mapambo. Tunajua akina mama watatulaumu, lakini linahitaji kupumua.

Juu ya bei tuseme ukweli. Sanduku, diski mbili nzuri na betri ya akiba kwa pamoja hupita shilingi 50,000 kwa urahisi. Kikundi cha watu 15 chenye daftari moja hakihitaji kitu hiki. Nunueni daftari la pili, karani anakili kila mwezi, likae kwa mtu mwingine; mtakuwa mmefanya kazi ile ile. Kikundi chenye kompyuta moja kinaweza kuanza na diski mbili za nje zinazopokezana, moja ofisini na nyingine nyumbani kwa mwanakamati. Tena ruta nyingine zina tundu la kuchomeka diski na kuigawia ofisi nzima. Angalieni nyuma ya ruta yenu kabla ya kutoa pesa. Na kama kuna kijana hodari, kompyuta kuukuu inaweza kugeuzwa kuwa sanduku la hifadhi kwa programu za bure kama OpenMediaVault, ingawa itakula stima zaidi. Sanduku lenyewe linafaa pale ambapo watu wawili au zaidi hufanya kazi kwa rekodi zile zile kila siku, na kuna stima na mlango wenye kufuli.

NANI ANASHIKA FUNGUO

Mara nyingi kijana aliyelifunga sanduku ndiye anayebaki na neno la siri kuu peke yake. Hapo mtakuwa mmetoa rekodi mfukoni mwa karani na kuzitia mfukoni mwa fundi.

Neno la siri kuu liandikwe kwa karatasi, litiwe katika bahasha, bahasha ipigwe sahihi na viongozi watatu juu ya kifuniko, na ikae ndani ya lile kasha la kufuli tatu. Kila baada ya uchaguzi libadilishwe mbele ya kamati, na majina ya viongozi waliotoka yafutwe siku hiyo hiyo, bila chuki. Jambo hili liandikwe katika muhtasari kama uamuzi wa kikundi: kwamba rekodi ni mali ya kikundi, kama vile ng'ombe wa kikundi ni wa kikundi hata akilala zizini kwa mtu.

Kumbukeni pia kwamba nambari za vitambulisho, simu na habari za ugonjwa wa wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Orodha ya wanaopewa msaada wa dawa si ya kuachwa katika folda ambayo kila mtu anafungua.

Na mara moja kila miezi mitatu, fanyeni jaribio. Mwanachama yeyote, asiwe karani, ataje faili moja ya zamani: kwa mfano muhtasari wa mkutano wa Machi mwaka jana. Karani achukue ile diski inayokaa kijiji kingine, aichomeke, aifungue faili hiyo na kuisoma kwa sauti mbele ya wote. Ikikataa kufunguka, kazi ya siku hiyo ni kutafuta sababu kabla ya kikao kufungwa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Karani wetu akisafiri leo bila kurudi, ni rekodi gani tutazikosa kesho?

2. Je, kila mwanachama anaweza kuonyeshwa michango yake ya mwaka jana? Itachukua muda gani?

3. Nakala ya pili ya rekodi zetu iko nyumba gani, na mara ya mwisho ilifunguliwa lini?

4. Kwa kikundi cha ukubwa wetu, kinachotufaa ni daftari la pili, diski za kupokezana, au sanduku? Mweka hazina atoe hesabu ya kila moja kwa shilingi, pamoja na stima ya mwaka mzima.